Ya Soda, Ya Sabuni

Tangu aanze kutengeneza zipu za watu, Mama Zipu hakuwahi kulipwa hata mara moja. Alipewa. Alipewa ya soda, ya sabuni, ya nauli, ya vocha, na mteja mmoja mwenye haraka zake alimtupia noti akasema, "Shika ya chochote." Lakini kulipwa, kwa maana ya mtu kumtazama usoni akamwambia hii ni kazi yako na hii ndiyo bei yake, hilo halikuwahi kutokea, wala yeye hakuwahi kulingoja.

Mshahara aliujua. Mshahara ulitoka shuleni, alikofagia madarasa na kusugua vyoo. Ulifika mwisho wa mwezi ukihema, ukaketi kidogo, ukaaga. Ile ilikuwa pesa yenye jina lake. Hizi nyingine zilikuwa wema wa watu tu, na wema hauwekwi kwenye mizani.

Zipu zenyewe zilianza kwa bahati. Begi la mwanafunzi mmoja lilipasuka mdomo pale langoni, vitabu vikamwagika kwenye matope, naye akaweka ufagio chini akaliinamia. Aliligeuza, akalichungulia, akaazima koleo kwa mlinzi. Tangu hapo akajua kwamba zipu nyingi hazifi kwa meno, hufa kwa kichwa. Kile kichuma kinachopanda na kushuka hulegea midomo kikashindwa kuyaunganisha meno. Ukikibana kwa kiasi, zipu inafufuka. Ukikibana sana, hakitembei. Ukikibana kidogo mno, zipu inafunga mbele na kufunguka nyuma, na hiyo ndiyo mbaya kuliko zote, maana mwenye begi huenda zake akidhani amefunga.

Kichwa cha Mama Zipu kilikuwa vivyo hivyo mwezi mzima wa habari hii. Kila alichokielewa mbele kilifunguka nyuma.

Aliishi na mama yake mzazi katika chumba kilichogawanywa kwa pazia, upande mmoja vitanda, upande mwingine jiko, ndoo, na kopo la biskuti lililojaa vichwa vya zipu alivyovichomoa kwenye nguo zilizotupwa. Mama yake, ambaye uani wote walimwita Bibi, alikuwa na sukari na presha. Dawa zake zilitoka zahanati bila malipo kwa sababu ya kadi ya bluu, kadi wanayopewa watu wa kipato cha chini. Bila kadi ile, dawa za mwezi mmoja zingemeza mshahara wa shule wote na kubakiza mfuko wa plastiki.

Siku aliyokwenda kuifanya kadi ile upya, karani wa zahanati aliigeuza mara mbili, akampa karatasi.

"Mwaka huu utaratibu umebadilika, mama. Uende ofisi ya kodi kwanza. Ukishatangaza mapato yako yote wakakugongea muhuri, ndipo urudi kwangu."

"Kodi? Mimi nadaiwa kodi?"

"Sijasema unadaiwa. Nimesema utangaze."

"Sasa kama sidaiwi natangaza nini, mwanangu?"

"Kwamba hudaiwi," alisema karani, akamwita anayefuata.

Mama Zipu alisimama kando ya dirisha akaisoma ile karatasi. Ilitaka mshahara, sawa. Chini yake ilitaka "vipato vingine vyote, pamoja na vile vidogo, vya muda, vya mara moja au visivyo rasmi". Aliisoma tena kuanzia chini kwenda juu, kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba kwa kuzunguka nyuma. Kwenye chupa ya Bibi dawa zilibaki chache za kutikisika.

Jioni mdogo wake wa kiume alipita kuwajulia hali. Alikuwa fundi wa majokofu, kila mtu akimwita Barafu, na alikuwa na jibu la kila jambo kabla halijaulizwa.

"Andika hakuna," alisema, akiirudisha karatasi bila kuimaliza. "Mshahara wa shule, nukta. Dada, usiwafungulie mlango hawa watu. Ukiwaonyesha kidole watataka mkono."

"Nikiandika hakuna, na watu wote wanajua natengeneza zipu?"

"Kwani wanakulipa?"

"Hawanilipi."

"Basi! Umejijibu mwenyewe."

"Lakini wananipa."

"Wanakupa ya soda! Dunia hii yote, nani ameulizwa habari ya soda?"

Bibi alikohoa kitandani. Alikuwa na kikohozi maalumu kilichotangulia maneno, kama honi. "Wewe Barafu, mwaka jana ulipoulizwa una friji ngapi pale kibandani kwako, ulisemaje?"

"Mama, hayo mengine."

"Ulisema za jamaa, zinapumzika. Wakazibeba zikapumzike kwao. Usimfundishe dada yako kusema uongo wakati wewe mwenyewe uongo hukuuweza."

Barafu alicheka, lakini alisimama upesi kutafuta viatu vyake. Mlangoni akamnong'oneza dada yake: "Ukisema nyingi, wanachukua kadi. Ukisema kidogo wakagundua, wanachukua kadi na wewe. Fikiria vizuri." Akaondoka, akiamini amesaidia.

Ofisi ya kodi ilikuwa na ukumbi wenye viti vya plastiki vilivyofungwa kwa mnyororo, kana kwamba kuna mtu aliyewahi kutamani kiti kile. Ukutani palibandikwa picha ya familia inayocheka ikiwa imeshika fomu. Mama Zipu aliitazama familia ile kwa muda mrefu akijaribu kuona kilichowachekesha. Waliokaa kumzunguka walikuwa watu wa aina yake: mama wa kufulia, kijana wa kubeba mizigo, mzee aliyeshikilia mfuko wa karatasi kama mgonjwa. Matajiri hawakuwapo. Mwenye maghorofa humtuma mhasibu akamsemee. Mwenye koleo hujisemea mwenyewe, kwa lugha ambayo si yake, tena akiwa amesimama.

Zamu yake ilipofika alikuta binti mdogo, kucha fupi, macho mekundu ya kukesha na kompyuta.

"Shikamoo mama. Kipato cha kwanza?"

"Marahaba. Shule. Nafagia."

"Kipato kingine?"

"Sina." Neno lilitoka kabla hajalipima, naye akajirekebisha upesi. "Yaani sina ila natengeneza zipu."

Vidole vya binti vilisimama. "Unalipwa?"

"Hapana."

"Unatengeneza bure?"

"Si bure. Wananipa ya soda."

"Shilingi... yaani, kiasi gani hiyo ya soda?"

"Inategemea mtu. Wengine wanatoa ya sabuni."

"Ya sabuni ni kubwa kuliko ya soda?"

Mama Zipu aliwaza. Hakuna aliyewahi kumuuliza hilo. "Kwa watu wazima, ndiyo. Lakini mtu akikupenda, ya soda yake inaweza kupita ya sabuni ya mwingine."

Nyuma yake mtu alicheka. Binti alijisugua macho. "Sikiliza mama, nikueleze vizuri. Mtu akikupa zawadi, haihesabiki. Akikulipa kwa kazi uliyomfanyia, inahesabika. Sasa hizi zako ni zawadi au malipo?"

"Nitajuaje mimi?"

"Wewe ndiye uliyepokea!"

"Aliyetoa ndiye anayejua alitoa nini moyoni. Mimi nilinyoosha mkono tu."

"Basi nenda ukawaulize," alisema binti, kwa sauti ya mtu aliyehudumia ukumbi mzima tangu asubuhi na bado ukumbi umejaa. "Ukishajua, njoo."

Ilikuwa kejeli ya uchovu. Kila aliyesimama kwenye foleni ile alijua ni kejeli. Lakini Mama Zipu alilelewa kwamba mtu wa ofisini akisema nenda, unakwenda. Alishukuru, akaikunja karatasi yake, akatoka akiwa na nafuu kidogo. Angalau sasa alikuwa na la kufanya.

Alianza kwa jirani wa ukuta, Mama Pacha, aliyemkuta akianika nguo za watoto wake mbili mbili, kila vazi na mwenzake.

"Mama Pacha, lile begi la shule nililokutengenezea."

"Limeharibika tena?"

"Hapana. Zile pesa ulizonipa."

Mama Pacha alishusha mikono kwenye kamba. "Aa, jirani. Zilikuwa kidogo, najua. Siku ile mfuko ulikuwa umetoboka. Kwani ulishindwa kuniambia, mpaka uzibebe moyoni muda wote huu?"

"Sijaja kudai! Nimekuja kuuliza tu. Zilikuwa zawadi au malipo?"

"Zilikuwa nini?"

"Zawadi au malipo."

Mama Pacha alimtazama kwa makini, akamwekea kiganja kwenye paji la uso. "Umekula leo?"

Alipoelezwa habari ya kadi na ofisi ya kodi, uso wake ulikunjuka. "Ooo! Basi andika zawadi. Andika tangu tujuane ni zawadi. Mimi na wewe tunalipana? Si ndugu sisi?" Akashika tena kamba, akafikiri, akaongeza kwa sauti ya chini, "Na jina langu usiliandike, lakini."

Mwalimu mstaafu wa nyumba ya kona, ambaye begi lake la ngozi lilikuwa limerudi mikononi mwa Mama Zipu kama mgonjwa wa kudumu, aliposikia swali alivua miwani.

"Zawadi? Mimi nikupe zawadi kwa lipi? Wewe ni mchumba wangu?"

"Hapana, Mwalimu, nisamehe."

"Mke wangu yumo humo ndani anasikia. Mama Nanihii! Unasikia? Hajawahi kupewa zawadi na mimi! Yalikuwa malipo. Malipo halali, kwa kazi halali, mchana kweupe!"

"Asante, Mwalimu. Nitaandika malipo."

"Andika kwa herufi kubwa!"

Mpaka hapo, mmoja zawadi, mmoja malipo, na begi ni begi, koleo ni lile lile. Mama Zipu alikwenda akijiuliza kama kuna namna alivyoishika ile zipu ya Mwalimu tofauti na alivyoishika ya Mama Pacha. Alijitahidi kukumbuka. Zote mbili alizibana, akazipaka mshumaa, akazipandisha na kuzishusha mpaka zikateleza.

Aliyebaki mkubwa alikuwa Fundi Mkasi, mshonaji wa barabarani, ambaye zipu za suruali zilizomkera alizisukumia kwa Mama Zipu, kisha mwenye suruali akilipa, Fundi humkatia Mama Zipu kipande. Alimkuta kwenye cherehani, futi ya kupimia shingoni, pini mdomoni. Aliposikia neno kodi pini zilimtoka zote zikatawanyika kwenye kitambaa.

"Umenitaja?"

"Bado. Nimekuja kwanza kukuuliza kama..."

"Mimi sijawahi kukupa kitu."

"Fundi, wiki iliyopita tu, ile suruali ya kijivu..."

"Suruali gani? Mama, mimi hata sikufahamu vizuri."

"Fundi, hilo koleo uliloshika ni langu."

Fundi Mkasi alilitazama koleo mkononi mwake kana kwamba limechipuka hapo. Akalirudisha kwa kulishika ncha, kama kitu chenye moto. "Dada yangu," alisema sasa kwa unyenyekevu, "mimi na wewe tumekula pamoja miaka. Mimi mwenyewe sijawahi kukanyaga ofisi hiyo. Ukisema Fundi alinipa, watauliza Fundi alipata wapi. Unaona unapotupeleka? Sema uliokota."

"Niliokota kila wiki?"

"Watu wana bahati zao."

Kufikia mwisho wa wiki habari ilikuwa imezunguka mtaa ikarudi ikiwa na mavazi mengine. Mama Zipu ameajiriwa na kodi. Mama Zipu anaandika majina. Mama Zipu kapewa simu maalumu. Begi halikuja hata moja. Shuleni, mabegi yaliyopasuka yalifungwa kwa pini, kwa kamba za viatu, moja kwa waya wa uzio. Wazazi waliona heri waya. Jumamosi, siku ambayo kwa kawaida kibaraza chake kilijaa, alikaa na kopo lake la vichwa vya zipu, akivikoroga kwa kidole kama mtu anayechagua mchele.

"Hawaji?" Bibi aliuliza kutoka kitandani.

"Hawaji."

"Uliwauliza nini hasa?"

Alimweleza upya, moja baada ya jingine: Mama Pacha zawadi, Mwalimu malipo, Fundi hakutoa, na wale wengine aliowapitia, karibu wote zawadi, zawadi, zawadi, kwa sababu walimpenda, au walimwogopa, au walitaka aondoke mlangoni. "Wamenisaidia, mama. Nikiandika zawadi tupu, kadi haiguswi. Hata binti wa kodi alisema zawadi haihesabiki."

Bibi alikohoa honi yake. "Kwa hiyo miaka yote hii ulikuwa unapewa sadaka."

"Sikusema sadaka."

"Mtu anayepewa kila siku na watu wote bila kuwafanyia kitu, anaitwaje? Kwetu tulimwita ombaomba. Sikujua nimezaa mmoja. Niletee maji nimeze dawa yangu ya ombaomba."

Yalikuwa maneno ya mgonjwa aliyechoka kulala, wala Bibi hakuyasema kwa hekima yoyote. Aliyasema kwa sababu mgongo ulimuuma na bintiye alikuwa amenuna. Lakini yalimwingia Mama Zipu mahali ambapo kodi haikufika. Alimpa maji. Alirudi kibarazani akavitazama vidole vyake, dole gumba lenye kovu la koleo, kucha iliyopasuka katikati ikawa haioti tena sawa. Ombaomba gani mwenye mkono kama huu?

Kisha hofu ikamrudia pale pale. Akiita kazi, itahesabiwa. Ikihesabiwa, kadi. Ikienda kadi, Bibi. Alijaribu kulifikiri jambo lile taratibu, jino kwa jino, na kila alipofika mwisho akatazama nyuma, lilikuwa limefunguka. Hakulimaliza kulifikiri. Asubuhi ya Jumatatu aliomba ruhusa shuleni akaenda tu, kama mtu anavyokwenda kung'oa jino: si kwa sababu ameamua, ila miguu imechoka kungoja.

Binti wa kodi alimtambua. "Mama wa zipu."

"Niliwauliza."

"Uliwauliza akina nani?"

"Walionipa. Ulisema niende nikawaulize."

Binti alianza kucheka, kisha akaona uso uliokuwa mbele yake, na kicheko kikamfia mdomoni. "Ulikwenda kweli? Nyumba kwa nyumba?"

"Sasa hivi hakuna anayeniletea begi. Lakini niliwauliza. Wengi wamesema zawadi." Aliikunjua ile karatasi yake. "Mimi nasema si zawadi. Andika kazi. Zote. Hata ya Mama Pacha."

"Mama, una hakika? Si lazima..."

"Sina hakika ya kitu chochote tangu mwezi huu uanze. Andika kazi."

Binti aliandika. Akauliza kwa wiki ni mabegi mangapi, naye akajibu kwamba shule zikifunguliwa ni mengi, zikifungwa ni machache, na mvua ikinyesha zipu zinashika kutu, hapo Mungu anajalia. Binti akaomba wakadirie. Wakakadiria pamoja, vichwa vimekaribiana kwenye kioo, kama watu wawili wanaotafuta sindano sakafuni. Akaulizwa ananunua nini kwa ajili ya kazi: uzi, mshumaa, vichwa vipya vikikosekana kwenye kopo. Kumbe hivyo vinatolewa kwenye hesabu. Kumbe pesa inaweza kuhesabiwa kisha ikapunguzwa tena, na wanaojua hilo wamekuwa wakilifanya siku zote kwa majumba na magari yao. Yeye hakuna aliyewahi kumnong'oneza.

Mashine ilikohoa karatasi. Binti akaigonga muhuri.

"Unadaiwa sifuri."

Mama Zipu aliitazama sifuri ile. Ilikuwa duara nzuri, iliyofungwa vizuri, haina pa kufungukia. "Sifuri. Kwa hiyo sikufanya kazi?"

"Umefanya. Ila kipato chako hakijafika."

"Hakijafika wapi?"

"Panapoanzia kodi."

"Kwa hiyo nimetangaza kazi, kazi imekubaliwa, na jibu lake ni kwamba hakuna kitu."

"Ndiyo. Ni habari njema, mama."

"Asante," alisema Mama Zipu, akijitahidi kuonekana kama mtu aliyepokea habari njema. Mlangoni aliitazama tena ile familia ya ukutani inayocheka. Labda nao walipewa sifuri, akili zikawaruka.

Kule zahanati, karani aliusoma muhuri, akachomoa kadi mpya ya bluu, akaandika jina la Bibi. Mama Zipu aliishika kwa mikono miwili, maana chupa nyumbani ilikuwa na vidonge vya kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

"Ila kipato kikizidi mstari huu," karani alionyesha nambari chini ya karatasi, "uje utuambie, tutaiangalia upya kadi."

"Mstari huo ni mabegi mangapi?"

"Eti?"

"Nikitengeneza mabegi mangapi nitakuwa nimeuvuka?"

Karani aliitazama ile nambari, akamtazama yeye, akaitazama nambari tena. "Hiyo kwa kweli sijui, mama."

Wala hakuna mtu aliyejua. Alitoka na dawa kwapani na swali kichwani. Zamani aliomba mabegi yaje. Sasa angeomba yaje, lakini yasije sana? Mtu anaombaje hivyo? Sheria gani hii inayomwambia maskini jikwamue, kisha inamwekea uzio mahali pa kujikwamulia bila kumwonyesha ulipo? Swali kama hilo lilipaswa kuulizwa kwa kupiga meza, lakini Mama Zipu hakuwa na meza ya kupiga. Alikuwa na kibaraza, na jioni hiyo alikaa juu yake.

Mama Pacha alikuja akinyata, begi chini ya mtandio, akitazama huku na huku.

"Wamekuachia?"

"Nani aliyenikamata?"

"Wanasema mengi. Kadi je?"

"Imetoka."

"Alhamdulillahi, nilisema mimi! Zawadi imekusaidia. Haya, hili la huyu mwingine nalo, meno yamegoma." Aliketi. Mama Zipu akalipakata begi, akabana kichwa kidogo, akajaribu, akabana tena kwa wepesi wa unyoya, akapitisha mshumaa. Zipu ikapanda bila kelele. Akaishusha, akaipandisha, akatazama nyuma yake. Ilikuwa imefunga kote.

Mama Pacha alichomoa noti iliyokunjwa. "Shika ya..."

"Ni kazi," Mama Zipu alisema upesi, kabla neno halijatua. Kisha akataja bei. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutaja bei, na ilimtoka ikitetemeka, kama mtu anayejitambulisha ugenini.

Mama Pacha alifungua kinywa. "Tangu lini?"

"Tangu leo asubuhi."

"Si nilikuambia ni zawadi?"

"Nilikataa. Nikaandika kazi."

"Ukaniandika?"

"Nilikutaja kwa mdomo tu. Karatasi haikuwa na mahali pa jina lako."

Jirani yake akalifungua na kulifunga begi. Mara moja, mara mbili. Mama Zipu aliona amempoteza, akatamani kuirudisha bei yake kinywani. Bei yenyewe hakujua kama ni kubwa au ndogo. Aliibuni pale pale.

"Ni rahisi kuliko mjini," Mama Pacha alisema hatimaye, kwa mshangao wa mtu aliyejishika akipiga hesabu. Akaweka ile noti kwenye kiganja cha mwenzake, akaongeza nyingine kufikisha bei. "Haya. Malipo. Umefurahi, Bi Ofisi?" Akasimama, akaenda hatua kadhaa, akarudi, akambandika sarafu kwenye mkono mwingine. "Na hii ya soda."

"Mama Pacha! Sasa hii ni..."

Lakini Mama Pacha alikwisha kukata kona, mtandio ukipepea.

Mama Zipu alibaki kibarazani, mikono imeinuliwa kama mizani, kulia malipo, kushoto sarafu. Ya kulia alijua aitie wapi. Kulikuwa na kopo jipya kwa ajili yake. Ya kushoto aliitazama mpaka ikaanza kupata joto kiganjani. Je, ni kazi, kwa kuwa imekuja na begi? Ni zawadi, kwa kuwa begi lilikwisha kulipiwa? Arudi ofisini? Akaulize?

"Umeganda nini hapo?" Bibi aliita. Alikuwa amejikokota hadi mlangoni, kadi mpya imechomekwa kwenye kilemba kama tiketi.

"Mama Pacha kanipa ya soda."

"Basi kanunue soda."

Mama Zipu alimgeukia. Miaka yote ile, ya soda ilikuwa imegeuka unga, mafuta ya taa, chumvi, nauli. Haikuwahi kumpitia akilini kwamba mtu anaweza kuitii.

Alivuka njia hadi dukani, akarudi na chupa inayotoa jasho. Bibi alisogea kumpisha kwenye kizingiti. "Mimi sukari hainiruhusu," alisema. "Kunywa, nikuangalie."

Mama Zipu akanywa. Gesi ilimpanda puani, macho yakamtoka machozi, akakohoa mpaka Bibi akampiga mgongoni.

"Ni tamu?"

"Sijui," alisema Mama Zipu akijifuta pua, akaitazama chupa kwa mashaka, akajaribu tena.